Andika juu, usiandike katikati

Kutumia intaneti nilijifunza ukubwani, kwenye steshenari moja hapa Mwanga, Kigoma mjini, na nilijifunza kwa hasira. Nilimpeleka mdogo wangu akaombe mkopo wa chuo. Kijana wa pale akashika mausi, akatufanyia kila kitu, na nywila akaitunga yeye, akaiandika kwenye daftari lake. Wiki mbili baadaye fomu ikahitaji marekebisho. Kijana alishahamia Kasulu, daftari kaondoka nalo. Kuipata tena ile akaunti kulitutoa jasho.

Basi kama na wewe kila jambo la mtandaoni unafanyiwa, anza na kitu kimoja: uzoee pale juu. Programu ya kufungulia tovuti inaitwa kivinjari. Chrome, Firefox, Edge, zote kazi yao ni hiyo moja. Google unayoizoea ni tovuti ya kutafutia tu, ila kwa kuwa Chrome ni ya kampuni hiyohiyo, wengi tunazichanganya.

Ule mstari mrefu wa juu ndio mahali pa anwani. Andika pale necta.go.tz, ya Baraza la Mitihani, bonyeza Enter, umefika. Ukiandika "matokeo ya kidato cha nne" kwenye kisanduku cha katikati cha Google utaletewa orodha, na wakati mwingine cha juu kabisa ni tangazo lililolipiwa. Mimi nilishabofya cha juu, nikaambiwa nitume elfu tano nione matokeo ambayo Baraza linayatoa bure.

Anwani isome kutoka nyuma. Iache ile mikwaju miwili (//) inayofuata https ya mwanzoni, tafuta mkwaju (/) unaofuata, halafu rudi kushoto. Kilichougusa kikiwa .go.tz, pamoja na nukta yake ya mbele, hiyo ni tovuti ya serikali. Lakini go.tz ikiwa katikati, na baada yake kuna nukta na neno jingine kabla ya mkwaju, ondoka hapo. Ni sawa na mtu kukwambia anatoka Ujiji ya Sumbawanga: kwao ni Sumbawanga, Ujiji ni kukutuliza tu. Kwenye simu anwani haionekani yote, iguse kwanza ifunguke.

Na ile picha ya kufuli ambayo baadhi ya vivinjari huiweka kando ya anwani isikulevye. Maana yake ni kwamba wa njiani hasomi mnachoandikiana. Kama unayeandikiana naye ni tapeli, kufuli haijui. Chrome waliiondoa kufuli pale juu mwaka 2023 kwa sababu watu waliiamini kupita kiasi.

Vile vichupo vya juu, kila kimoja na ukurasa wake, wengine huviita tabu, na kwangu vilikuwa tabu kweli. Nilikuwa nafunga fomu nzima nikidhani nafunga tangazo. Ctrl+Shift+T, vitufe vyote vikibonyezwa pamoja, hurudisha ukurasa uliofungwa, ingawa uliyokwisha kuyajaza huenda yasirudi. Ctrl+F nayo hutafuta neno ndani ya ukurasa. Shule ikiwa na watahiniwa mia tatu, andika namba ya mtoto wako, usihangaike kushuka na kidole.

Sasa kompyuta ya kulipia, inayotumiwa na kila mtu. Fungua hali fiche: Ctrl+Shift+N kwenye Chrome na Edge, Ctrl+Shift+P kwenye Firefox. Kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi nywila, kataa. Ukimaliza toka kwenye akaunti, funga madirisha yote ya hali fiche, na historia inafutika. Lakini faili ulilopakua linabaki palepale kwenye mashine, na hili hakuna aliyeniambia. Siku moja nilifungua folda ya vilivyopakuliwa nikakuta vyeti vya kuzaliwa vya watu nisiowajua, na cha mdogo wangu kimo humohumo.

Nikakifuta, nikaenda na kwenye pipa la taka nikakitoa kabisa. Nikamwita mwenye duka aje avifute vile vingine. Akanijibu dakika zangu bado zinahesabiwa.