Maswali ya Wasomaji: Baiti Nne Zinazokula Prosesa

SWALI: Mashine yangu pepe ya Linux inapokea pakiti kwa virtio-net (kadi ya mtandao ya mashine pepe) na kuzipitisha kwenye handaki la VXLAN (njia ya kufunga pakiti ndani ya pakiti nyingine). Pakiti zikiwa ndogo, prosesa moja hujaa ilhali kadi ya mtandao ya seva haijafika hata nusu. Perf (zana ya kupima kazi za prosesa) inaonyesha pskb_expand_head juu kabisa. RAM nimeongeza, hakuna nafuu.

JIBU: RAM iache ilivyo. Ulichopungukiwa ni nafasi tupu iliyo mbele ya data ndani ya bafa (eneo la kumbukumbu linaloshika pakiti). Kila tabaka linaloifunga pakiti huandika heda yake (taarifa za utambulisho) hapo mbele. Nafasi ikitosha, kielekezi kinarudishwa nyuma na heda inaandikwa, basi. Isipotosha, kerneli (kiini cha Linux) hutenga bafa nyingine, hunakili na kuachia ya zamani, na hiyo ndiyo kazi ya pskb_expand_head.

Tupige hesabu. Kwenye prosesa za x86 (za Intel na AMD), pakiti ndogo (hadi baiti 128) draiva huinakili kwenye bafa yenye baiti 64 tupu mbele. VXLAN juu ya IPv4 inataka Ethernet 14, IP 20, UDP 8 na VXLAN 8, jumla 50. Ongeza heda ya virtio yenyewe, 12, unapata 62. Ungedhani zinaenea! Lakini kerneli haihesabu hivyo: ile 14 na 12 (26) huipandisha hadi 32, kisha hujumlisha 36 zilizobaki. Inadai 68, ipo 64. Kwa baiti nne tu, kila pakiti inanakiliwa. Kwa IPv6 upungufu ni 24.

Dawa ya kwanza ni kuhakikisha GRO (uunganishaji wa pakiti zinazopokelewa) imewashwa (ethtool -K eth0 gro on). Pakiti za mkondo mmoja wa TCP huunganishwa, na bafa hupanuliwa mara moja kwa fungu zima. Ikiwa pakiti zako ni za UDP za watu wengi tofauti, GRO haitasaidia sana. Badala yake, hamishia handaki kwenye seva mama (inayobeba mashine pepe). Wengine hushauri kuongeza needed_headroom (nafasi ya mbele ambayo kifaa huomba). Hiyo inafaa kwa pakiti zinazozaliwa ndani ya mashine hiyo hiyo. Zinazopita tu zimeshapewa bafa tangu zilipopokelewa.

Nafasi hiyo ina faida nyingine wakati wa kutuma. Ikiwepo, na heda ya pakiti haishirikiwi na nakala nyingine, virtio-net huandika heda yake papo hapo na pakiti isiyo na vipande hutumia kielezi kimoja cha foleni (rekodi inayoonyesha data ilipo). Ikikosekana, heda hupelekwa peke yake: vielezi viwili, na mara nyingi jedwali la pembeni linalotengewa kumbukumbu kwa kila pakiti.

SWALI: Nikipakia programu ya XDP (inayoshughulikia pakiti mapema ndani ya draiva) kwenye virtio-net, pakiti za mwanzo zinachelewa, na MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya 9,000 inakataliwa. Kwa nini?

JIBU: XDP inataka baiti 256 tupu mbele ya kila pakiti. Bafa zilizokuwa zimeshawekwa kwenye foleni kabla hujaipakia hazina nafasi hiyo, kwa hiyo draiva hunakili kila moja kwenye ukurasa mpya wa kumbukumbu hadi ziishe. Ukipima kasi, usihesabu pakiti hizo za mwanzo.

MTU inabanwa na ukurasa: 4,096 toa 256, toa 320 za taarifa za mwisho wa bafa, toa 14 za Ethernet, zinabaki 3,506. Kuzidi hapo unahitaji kerneli ya karibuni na programu iliyoandikwa kwa xdp.frags (XDP inayokubali pakiti zilizogawanywa kwenye bafa kadhaa).

Angalia pia idadi ya foleni kwa ethtool -l. Mashine yenye prosesa 4 na foleni 4 inahitaji kikomo cha foleni 8, kwa sababu XDP hutaka foleni yake ya kutuma kwa kila prosesa. Zisipotosha, kerneli za zamani hukataa kupakia. Mpya hukubali, ila foleni zinagombaniwa kwa kufuli, na kasi uliyoifuata inapotelea hapo.