Kura ya jirani yangu nayo ihesabiwe

Mmeuliza wiki hii: Zanzibar ikibadili mfumo wa uchaguzi, uwiano wa aina gani, yaani viti kufuata wingi wa kura za chama, utatufaa? Mimi nachagua mfumo mseto, wa viti vya majimbo pamoja na viti vya kufidia, na aliyenifikisha hapo ni jirani yangu.

Tunakaa Micheweni, Pemba. Mwaka 2010 Baraza la Wawakilishi lilitoka CCM 28, CUF 22, na majimbo yote 18 ya Pemba yakawa ya CUF. Nilifurahi, sifichi. Jirani yangu, CCM wa kuzaliwa, alipanga foleni nyuma yangu tangu alfajiri, na kura yake ikafia sandukuni, maana jimbo huchukuliwa na wa kwanza peke yake. Wafuasi wa CUF kule Makunduchi, Unguja, nao yaliwakuta hayo hayo. Ukitazama matokeo utadhani kisiwa kizima ni cha hawa na kingine cha wale, na anayekaa barzani anajua si hivyo.

Wazee wetu waliionja hesabu hii. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha ASP kilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura na viti 13 tu kati ya 31. Vyama vya ZNP na ZPPP vikaungana na kuunda serikali kwa viti 18. Kwa uwiano, ASP ingepata 16 au 17.

Orodha tupu ya chama, unapopigia chama kura na chenyewe kikaandika majina, kama waliyoanza nayo Afrika Kusini 1994, hesabu yake nyepesi: viti 400, asilimia moja ya kura ni viti vinne. Lakini kisima cha shehia kikikauka nitamwendea nani? Wa orodha humtazama aliyemwandika. Ipo pia kura ya kupanga wagombea 1, 2, 3, ya Ireland na Malta. Malta ni watu wa visiwa kama sisi, ila mwaka 1981 chama kilichopata zaidi ya nusu ya kura kilikosa wingi wa viti, ikabidi katiba irekebishwe. Tena kura hizo huhesabiwa kwa duru nyingi, na sisi hata duru moja hutugombanisha.

Nakwenda Lesotho. Mwaka 1998 chama cha LCD kilipata kama asilimia 60 ya kura, kikazoa majimbo 79 kati ya 80. Vurugu zikazuka, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia, mji mkuu ukawaka moto. Uchaguzi wa 2002 majimbo 80 yalibaki, vikaongezwa viti 40 vya kufidia vyama vilivyopata viti pungufu ya kura zao. LCD ilishinda majimbo 77, na vile 40 vyote vikaenda kwa wengine. Mwakilishi wako unamjua, na aliyeshindwa naye ana msemaji.

Ujanja haukukosekana. Mpiga kura alikuwa na karatasi mbili, ya jimbo na ya chama, na mwaka 2007 vyama vikubwa vilishirikiana na vidogo ili vivune viti vya majimbo kwa jina hili na vya fidia kwa jina lile. Kufikia 2012 karatasi ikawa moja, kura ile ile ikihesabiwa jimboni na kwenye fidia. Kwetu ianze hivyo hivyo, karatasi moja, na orodha ya majina ya fidia ibandikwe kwa sheha kabla ya kupiga kura, si baada.