Gari la mashindano ya redio: anza na waya wa umeme

Ndugu uliyeuliza ununue redio gani ya wati 100 na antena ya urefu gani, ili ushiriki mashindano ya CQ WW, ambamo wapenzi wa redio duniani hushindana kuongea na vituo vingi vya nchi mbalimbali, ukiwa ndani ya gari hapa pwani ya Tanga, naomba suala la redio lisubiri kidogo, kwa maana redio karibu zote za kiwango hicho zinatosha. Mwaka wangu wa kwanza kilichoniangusha ni waya.

Nilikuwa nimeegesha Probox yangu Mwambani na kuzima injini ili nisikie vizuri, lakini kila nilipoanza kuita, redio ilizimika na kuwaka upya. Fundi alikuwa amenipitishia waya wa milimita nne za mraba, mita nne kutoka kwenye betri hadi kiti cha nyuma. Redio ya wati 100 huvuta takriban ampea 22, na kwa kuwa umeme huenda na kurudi, safari nzima ni mita nane, ambamo karibu volti 0.8 hupotea. Betri nzima iliyopumzika ina volti 12.6, nayo hushuka zaidi ikibebeshwa mzigo huo, ilhali redio nyingi zimeundwa kwa volti 13.8 na huvumilia pungufu ya asilimia 15 tu, yaani hadi 11.7. Nilipoweka waya wa milimita kumi za mraba, upotevu ulishuka hadi kama volti 0.3 na tatizo likaisha. Fyuzi iwe jirani kabisa na kichwa cha betri, kwa sababu inalinda waya wenyewe unapopita penye joto na msuguano wa injini. Tundu la kuwashia sigara usilifikirie kabisa.

Kuhusu antena, robo ya wimbi kwenye masafa ya mita 10 (masafa huitwa kwa urefu wa wimbi lake) ni kama mita mbili na nusu, urefu ambao gari hubeba bila koili. Kwenye mita 15 ni kama mita tatu na nusu, na kwenye mita 20 ni mita tano, ambayo husimamishwa gari likiwa limeegeshwa tu, tena mbali na nyaya za umeme. Fimbo fupi yenye koili kwa ajili ya mita 40 itafanya kazi, ila sehemu kubwa ya nguvu yako itaishia kuwa joto. Usisahau kwamba bodi ya gari ni nusu ya pili ya antena: unganisha boneti, milango, buti na bomba la moshi kwa mikanda mifupi ya shaba iliyosukwa, ukikwangua rangi hadi chuma kionekane, kisha upake grisi, maana chumvi ya huku haina huruma. Kazi hiyo ilinipunguzia pia kelele za injini. Kelele iliyobaki, iliyonisumbua siku nzima, ilitoka kwenye chaja ya bei rahisi ya kompyuta.

Kuegesha ukingoni mwa maji kuna faida kuliko kuongeza nguvu, kwa sababu maji ya chumvi husaidia mawimbi kuondoka yakiwa karibu na upeo wa macho, na huko ndiko ziliko nchi za mbali. Hilo lina uzito katika pointi: ukiongea na Ulaya unapata tatu, ukiongea na Kenya unapata moja. Angalia maji hufika wapi yanapojaa kabla hujachagua mahali. Mimi niliwahi kusukumiwa gari na wavuvi.

Mashindano huanza saa sita usiku kwa saa za dunia, yaani saa tisa usiku kwetu kuamkia Jumamosi, na huchukua saa 48. Kila unayeongea naye utampa taarifa ya usikivu pamoja na namba ya kanda yetu katika mgawanyo wa dunia wa mashindano hayo, 37. Ishara ya kituo inayoanza na 5H, yaani ya Tanzania, huvutia watu wengi kwa mpigo, basi leseni yako ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iwe tayari mapema na uzoee kuchagua sauti moja katika fujo.

Sasa redio: chukua yenye uso unaotenganishwa na mwili wake, mwili ukae chini ya kiti, na iwe na kichujio kizuri cha kelele za plagi za injini. Iliyotumika itafaa. Fedha itakayobaki nunulia shaba.