Mwanangu, hisa 10 za reli zilivyogeuka 120

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Huku hatujambo, mvua zimeanza, na baba yako anakusalimu. Ujumbe wako nimeupata, ule wa hisa za CN (Canadian National), kampuni ya reli ya Kanada ambayo treni zake unasema zinakukatisha usingizi hapo Edmonton. Umeniuliza mambo mawili. Umesoma kwamba serikali ya Kanada iliuza hisa hizo Novemba 1995 kwa dola 27 za Kanada kila moja, lakini chati ya kwenye simu yako inaonyesha dola mbili na kitu kwa wakati huohuo. Sasa nani mwongo? Halafu, kwa kuwa hisa zimeshagawanywa mara nne, yaani kila hisa kukatwa zikawa nyingi zaidi, je, usubiri mgawanyo wa tano ndipo ununue?

Hakuna mwongo. Chukua kalamu.

Tuseme mtu alinunua hisa 10 wakati ule, akatoa dola 270. Mwaka 1999 kila hisa ikawa mbili, akawa nazo 20. Mwaka 2004 kila mwenye hisa mbili akapata ya tatu, zikawa 30. Mwaka 2006 zikazidishwa mara mbili, 60. Mwaka 2013 mara mbili tena, 120. Muda wote huo hakuongeza hata senti. Gawanya dola 270 kwa hisa 120: dola 2.25. Hiyo ndiyo chati yako. Hakuna mtu aliyewahi kununua kwa bei hiyo. Ni hesabu iliyorudishwa nyuma ili mstari usionekane kama umetumbukia shimoni kila hisa zilipogawanywa. Gawio la zamani, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa, nalo hurekebishwa vivyo hivyo, kwa hiyo usishangae ukiona miaka ya mwanzo walikuwa wakilipa visenti.

Siku yenyewe ya kugawanya, mwenye hisa hapati kitu. Ni sawa na kuchenji noti ya elfu kumi ukapewa za elfu moja moja: pochi inanenepa, pesa ni ileile. Baba yako mdogo hajalikubali hili hadi leo. Benki ya KCB ya Kenya ilipogawanya kila hisa kuwa 10 mwaka 2007, alitupigia simu kwa furaha utadhani anaoa.

Basi kwa nini wanagawanya? Zamani madalali waliuza kwa mafungu ya hisa 100, na bei ikipanda sana mnunuzi mdogo anabaki nje. Ila kuna mara moja mgawanyo ulifanya kazi ya maana, na ni habari ya reli hizohizo. Berkshire Hathaway, kampuni ya Warren Buffett, yule mwekezaji tajiri wa Marekani, ilipokuwa inainunua reli ya BNSF ya Marekani, ilikubali kulipa dola 100 za Marekani kwa kila hisa, sehemu kwa fedha taslimu na sehemu kwa hisa zake yenyewe. Tatizo ni kwamba hata hisa yake ya daraja B, ile ya bei nafuu, ilikuwa zaidi ya dola 3,000. Mtu mwenye hisa 15 za BNSF, yaani dola 1,500 tu, angebadilishiwaje? Januari 2010 wakaikata kila hisa ya daraja B kuwa 50, na wenye hisa wachache nao wakaweza kubadilishiwa. Na huyo Buffett alikuwa mtu aliyekataa kugawanya hisa kwa miaka mingi.

Sasa fedha ya CN ilitoka wapi? Kampuni ile ilizaliwa kutokana na reli zilizofilisika, serikali ya Kanada ikazibeba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwa miongo mingi ilijulikana kwa madeni. Paul Tellier, aliyekuwa mtumishi wa juu kabisa wa serikali, akapewa uongozi mwaka 1992, akapunguza maelfu ya wafanyakazi kabla ya kuiuza. Mwaka 1998 wakainunua Illinois Central, na reli yao, iliyokuwa ikigusa Atlantiki na Pasifiki, ikafika New Orleans kwenye Ghuba ya Meksiko. Pamoja na reli hiyo akaja Hunter Harrison. Yeye alitaka treni iondoke kwa ratiba, na behewa lisilale yadini likisubiri wenzake. Mzigo uleule, vichwa vya treni vichache, watu wachache. Kufikia 2005, katika kila dola iliyoingia, gharama za uendeshaji zilikula senti 64 hivi. Kwa reli, hiyo ni ajabu. Lakini usisahau kwamba sehemu ya faida ile ilikuwa mishahara ya watu, na chati haiandiki hilo.

Ongeza jambo moja ambalo wengi hawalitazami: kampuni imekuwa ikinunua hisa zake yenyewe sokoni na kuzifuta, hivyo faida inagawanywa kwa hisa chache zaidi. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko migawanyo yote minne.

Piga hesabu kwa bei ya dola 135. Hisa 120 ni dola 16,200, yaani mara 60 ya zile 270. Kwa miaka 30 hiyo ni karibu asilimia 14 na nusu kila mwaka, kabla ya gawio, ambalo limepandishwa mwaka hadi mwaka tangu waanze kulilipa. Ila hiyo ni hesabu ya mtu wa 1995. Mwisho wa 2020 bei ilikuwa karibu dola 140, na kwa sehemu kubwa ya 2025 ilikuwa ikizunguka kati ya 130 na 150. Aliyeingia mwisho wa 2020 alikaa hadi mwisho wa 2025 akila gawio tu.

Na CN tunaisimulia kwa sababu ilifanikiwa. Reli ya Pennsylvania ililipa gawio zaidi ya miaka 100 mfululizo. Mwaka 1968 ikaungana na New York Central, wakajiita Penn Central, na Juni 1970 wakafilisika. Wastaafu waliokuwa wakitegemea gawio lile walidhani wameshika ardhi.

Kwa hiyo swali lako la pili: usisubiri mgawanyo, na usinunue kwa ajili yake. Tangu 2013 CN haijagawanya, ingawa bei ilivuka 100 zamani, na siku hizi baadhi ya madalali wa huko wanakuuzia hata sehemu ya hisa. Fungua taarifa yao ya mwaka, utafute gharama zinakula senti ngapi kwa dola sasa, kisha ulinganishe idadi ya hisa ya mwaka huu na ya miaka kumi iliyopita. Nipigie picha kurasa hizo unitumie kabla hujanunua chochote, tuzisome pamoja kwa simu Jumapili. Na kodi ya nyumba ya mwezi ujao iwe pembeni kwanza.

Mama yako