Lenzi ya 35mm: f/1.4 au f/2?

SWALI: Ndugu mhariri, ninatumia kamera ya Fujifilm X-T30 pamoja na zumu yake ya 18-55mm. Nataka kuongeza lenzi moja ndogo isiyo na zumu, ya kukaa kwenye kamera wakati wote. Picha zangu nyingi ni za maulidi na harusi za usiku, na mchana hupiga vichochoroni Mji Mkongwe. Nimekwama kati ya 35mm f/1.4 na 35mm f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi hufunguka zaidi). Muuzaji ananishauri f/2 kwa kuwa haiogopi mvua. Je, nimsikilize? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Ndugu msomaji, muuzaji hakusema uongo, ila amekupa nusu ya habari. Lenzi ya f/2, iliyotoka mwaka 2015, kweli imezibwa isiingie vumbi wala matone ya maji, lakini X-T30 yenyewe haikuzibwa, na maji yaliyokosa njia kwenye lenzi yatapenya kwenye vitufe vya kamera. Kama huna nia ya kubadili kamera, sifa hiyo iweke kando.

Linalobaki ni mwanga na fokasi, yaani kulenga ili picha itoke kali. Lenzi ya f/1.4 hupokea mwanga mara 2 ya ule wa f/2, kwa hiyo ukumbini, pale ambapo f/2 inakulazimisha upige kwa sekunde 1/60, f/1.4 itakuruhusu 1/125 kwa ISO ileile (kiwango cha kamera kuhisi mwanga). Hapo ndipo nyuso za vijana wa maulidi ya homu, wanaoyumba safuni, zinapotoka wazi badala ya kuwa ukungu, na hata kama kamera yako ingekuwa na kitulizaji cha mtikisiko, kingetuliza mkono wako tu, si wao. Vilevile f/1.4 hufokasi kitu kilicho karibu hadi sentimita 28 wakati f/2 hukomea 35, jambo utakalolishukuru ukipiga hina ya bibi harusi. Uzito usikusumbue: ni gramu 187 kwa 170.

Dosari ya f/1.4, lenzi ya mwaka 2012, ni kwamba ili kufokasi husukuma kundi zima la vioo, hivyo huchelewa kidogo na mota yake husikika, hasa wakati wa dua. Ukirekodi video, chukua f/2, ambayo husogeza vioo vichache vya ndani, upesi na kimyakimya. Kwa picha za mnato, ningechukua f/1.4.

Kabla ya kulipa, bandika karatasi ya gundi kwenye pete ya zumu yako ikiwa kwenye 35 na upige hivyo kwa wiki moja, kisha wiki nyingine kwenye 27, ambayo huonyesha eneo pana zaidi. Vichochoroni, 35 huenda ikakubana hadi mgongo uguse ukuta. Iwapo 27 ndiyo itakayokupendeza, ipo 27mm f/2.8, nyembamba ya kutia mfukoni, ingawa hupokea robo tu ya mwanga wa f/1.4.

Ukinunua f/1.4, kile kifuniko cha mpira cha kwenye kikinga mwanga kiache kwenye boksi, kwani hudondoka ovyo. Tumia kifuniko cha kawaida cha 52mm.