Mahali pa kumfungua mbwa kamba hapa Unguja

Assalaam alaykum. Ndugu yetu aliyehamia Mjini kutoka Toronto ameuliza ni wapi hapa Unguja panapopatikana kiwanja cha mbwa, ambamo mtu humfungua mnyama wake kamba akakimbia apendavyo na wenzake, kama alivyozoea kule. Jibu fupi ni kwamba mimi, kwa miaka sita niliyofuga mbwa hapa, sijakiona. Jibu refu linahitaji subira kidogo. Nami niliishi mji huohuo miaka minne, nikimtembeza mbwa wa mwenye nyumba wangu katika sehemu ya mbwa ya High Park, na niliporudi nyumbani nilianza kwa kosa ambalo naona unakaribia kulifanya, nalo ni kutafuta uwanja.

Viwanja tunavyo, lakini vina wenyewe. Mnazi Mmoja na Maisara ni vya mpira na vya watoto, na Forodhani jioni ni ya pweza na urojo, achilia mbali paka. Kwa hiyo watu kama sisi huishia pwani, na mimi niliishia pwani ya Bububu, kwa kuwa ndiko ninakokaa.

Mbwa wangu, Kashata, ni wa kienyeji, rangi ya sukari guru, na ana tabia ya kumkimbilia kila mtu anayempenda, na yeye humpenda kila mtu. Jioni moja, magharibi ikikaribia, nilimwacha aogelee. Alipotoka majini alimwona mzee mmoja akipita ufukweni kwenda msikitini, kanzu nyeupe, kofia, bakora mkononi. Kashata akamfikia kabla sijapata hata kuita, akamlamba mkono, kisha akajikung'uta maji yote ya mwilini palepale miguuni pake. Mzee hakusema neno. Aliitazama kanzu, akageuka, akarudi alikotoka. Nilibaki nimesimama na kamba mkononi huku nikisikia adhana.

Kwa ndugu zetu wasiokuwa wenyeji, naeleza kwamba wengi wetu hapa ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu hayo mbwa ni najisi nzito: alipogusa akiwa na majimaji huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Wanavyuoni wa Maliki wana kauli nyepesi zaidi, na mimi nimewahi kuisoma, lakini kauli niliyoisoma mimi haimpi yule mzee kanzu nyingine wala haimrudishii sala ya jamaa aliyoikosa.

Kesho yake nilikwenda kwake kuomba radhi. Alinikaribisha barazani, akaniagizia kahawa, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: «Mbwa hana kosa, mwanangu. Kamba ile mahali pake ni shingoni mwake, wewe uliishika mkononi.» Kisha, kwa kuwa alikuwa mvuvi maisha yake yote, akanipa darasa la maji ambalo ndilo jibu lako.

Pwani yetu hubadilika kwa saa. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na kukupwa kwenye saa nne asubuhi, kisha hivyo hivyo alasiri na usiku. Wakati wa maji mafu, katikati ya hizo, mambo hugeuka karibu kinyume chake. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika hamsini. Mgeni akifika Jambiani au Paje saa nne ya bamvua akaona mchanga mtupu mpaka karibu na mwamba, hudhani Mungu amemjengea kiwanja cha mbwa. Kumbe ndiyo saa ya kazi: kina mama wamo shambani kwenye mwani, kamba na vigingi vimetanda, wengine wanaokota chaza na wengine wanatafuta pweza. Mbwa mmoja anayeruka kamba hizo kwa furaha anaweza kuharibu kazi ya wiki nzima. Pwani inapokuwa pana kuliko siku zote ndipo isipofaa.

Mimi sasa huenda baada ya jua kuchomoza, waliosali alfajiri wakiwa wamesharudi majumbani, na huondoka kabla ya saa mbili, kabla mchanga haujaanza kuwaka na watoto wa skuli hawajawa wengi njiani. Siku za bamvua saa hiyo maji yanatoka na ufukwe ni mwembamba, lakini ni mtupu. Jioni nimeacha kabisa.

Yale uliyojifunza kule usiyatupe. Viwanja vingi vya kule vina milango miwili, ili mbwa afunguliwe kati ya mlango na mlango na asiingie kundini akiwa amefungwa, kwa sababu mbwa mwenye kamba akizungukwa na walio huru hujiona amenaswa na huwa mkali. Hapa mlango huo utautengeneza mwenyewe: simama mbali, tazama pande zote, ndipo ufungue, na ukiona mbwa wa pwani wasiokuwa na mwenyewe wakija wanne watano kwa pamoja, mikia juu na miili imekakamaa, ondokeni taratibu bila kukimbia. Yule anayekuja kwa kuzunguka kidogo na kuinamisha kifua chini anataka mchezo tu. Kinyesi chake zoa. Karibu na msitu wa Jozani usimfungue hata kidogo, maana kuna paa na kima punju, na mbwa wa kienyeji ana damu ya usasi. Kusini wasasi bado huenda porini na mbwa wao.

Kabla ya yote hayo, chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifika miezi mitatu, kisha hurudiwa kama daktari wa mifugo atakavyokupangia, na kadi yake uwe nayo mfukoni, kwa kuwa mtu aliyeshtushwa na mbwa akiiona hutulia. Pemba waliutokomeza ugonjwa huu kwa kuchanja mbwa, ukaingia tena 2016, wakachanja upya mpaka ukatoweka 2018. Akimng'ata mtu, osheni jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika kumi na tano, halafu hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Jambo la mwisho ambalo Toronto hukulijua ni bunju, yule samaki anayejivimbisha. Wavuvi humtupa ufukweni akinasa wavuni, naye akiwa amekufa na kukauka bado ana sumu ya kuua mbwa. Kashata niliwahi kumtoa mmoja mdomoni kwa vidole viwili, na tangu hapo neno «tema» tunalifanyia mazoezi kila siku, kwa kipande cha dagaa, kabla ya neno «njoo».

Tuko watatu wenye mbwa ambao hukutana Bububu Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wako tutamfungua akiwa na Kashata peke yake kwanza, wengine baadaye. Mje na maji yake ya kunywa na bakuli lake, kwani akinywa ya bahari ataharisha, na bomba la karibu ni la msikiti.