Wingu Jeusi Halikuniponza, Liliniponza la Kijivu

Juzi usiku dada mmoja wa Mtwapa ameniandikia. Amefungua kazi ya kuosha mazulia kama yangu, huu ni mwezi wake wa pili, na swali lake ni fupi: "Dada, mvua ikianza niyateremshe mazulia au nisubiri ipite?" Nikacheka. Kisha nikanyamaza, maana swali hilohilo ndilo lililonitia hasara ya shilingi 18,000 na aibu ambayo mpaka leo nikipita Kizingo najifunika mtandio vizuri.

Najua nyinyi mnaonisoma si watu wa kubahatisha. Mwataka tawi la pili kabla mwaka haujaisha, mwataka pikapu yenye jina lenu ubavuni. Basi kaeni. Mambo ya sabuni, brashi na kupata wateja utayajua kwa wiki mbili, kwa hiyo sitayaeleza. Mbingu ndiyo hakuna anayekufundisha.

Ilikuwa mwaka juzi, siku tatu kabla ya Idd kubwa. Watu wa Mombasa mwajua, Idd ikikaribia kila nyumba yataka zulia lake lirudi linanukia. Nilikuwa nimeanika mazulia 11 juu ya paa la zege, hapa Majengo. Kumi yalikuwa ya kawaida. La kumi na moja lilikuwa la sufu, la mama mmoja wa Kizingo, aliloachiwa na marehemu mumewe. Alinikabidhi kwa mkono wake: "Mwanangu, hili nimelitunza kuliko nilivyojitunza mimi."

Saa mbili asubuhi likatokea wingu upande wa bahari. Jeusi ti, limesimama kama mnara, kichwa kimetanuka, na radi ndani yake. Tulikimbia! Mimi, vijana wangu wawili na kijana wa jirani, tukayashusha yote kwenye ngazi. Anayejua zulia la sufu likiwa bichi ananielewa: si zulia tena, ni ng'ombe aliyekufa. Mvua ikapiga dakika 25, kwa upepo na vishindo, ikaondoka. Jua likawaka kama halijapata kuzimwa. Jirani akacheka, tukayapandisha tena.

Saa nne ukaja utando juu ya jua. Mwembamba, weupe-weupe. Nikauangalia nikasema huu hauna kitu. Saa sita mbingu yote ilikuwa kijivu, bila radi wala upepo, na saa saba ikaanza mvua ya adabu, matone ya wastani yaliyoshuka wima. Nikasema itapita kama ya asubuhi. Nikayafunika kwa turubai, nikaenda kula.

Haikupita. Alasiri ikaadhiniwa mvua inanyesha, magharibi inanyesha, isha inanyesha. Alfajiri nimeamka kwa sauti ileile kwenye tangi la maji. Siku ya pili nikainua pembe ya turubai, joto likanipiga usoni kama nimefunua sufuria. Vishada vya lile zulia vilikuwa vimechuja, rangi nyekundu imeingia kwenye nyeupe upana wa kiganja, na katikati ya sufu kuna vidoa vidogo vya kuvu, vyeupe, kama mtu amemwaga unga. Harufu yake, wallahi, mbuzi aliyenyeshewa.

Yule mama hakunigombeza. Alilipapasa, akanusa vidole vyake, akasema, "Haya." Bintiye ndiye aliyepiga picha akaituma kwenye grupu la WhatsApp. Nililipa zile 18,000 kwa awamu tatu. Matusi ya grupu nimeyasahau, ile "haya" sijaisahau.

Msinitajie ile ya dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu gani? Mimi mawingu niliyaona! Niliyakimbia yaliyotisha, nikayakalia yaliyoniua.

Masika iliyofuata nilifanya jambo moja ambalo najivunia. Nyuma ya kitabu changu cha risiti nikawa naandika kila siku: jua limepotea saa ngapi, mvua imeanza saa ngapi, imekatika saa ngapi. Kurasa 40 na kitu. Kisha nikasoma nilichoweza kusoma, nikakuta nilichokiandika kwa kalamu ya bei nafuu wenzetu wamekipa jina zamani.

Lile wingu la kijivu laitwa nimbostratasi. Ni Kilatini, yaani mvua, kisha kilichotandazwa. Mtindo huu wa kuyapa mawingu majina ya Kilatini aliuanzisha Luke Howard, mtengeneza dawa wa London, mwaka 1802. Mtengeneza dawa! Kwa hiyo mwosha mazulia naye ana haki ya kutazama juu.

Wingu la radi, kumulonimbasi, hujitangaza. Ni hewa yenye unyevu iliyopanda kwa kasi mahali pamoja, ikarundikana, na huku kwetu tropiki kilele chaweza kupita kilomita 15. Lina kichwa na kiuno, waweza kulinyooshea kidole ukasema lile pale. Hilo la kijivu huwezi, kwa sababu liko juu yako lote, kama mbingu imefunikwa shuka lililofuliwa vibaya. Lenyewe ni hewa iliyopanda polepole kwenye eneo pana mno, na mvua yake haina haraka. Unene wake ni wa kilomita kadhaa. Hapo ndipo jua linapozimika kabisa, hujui hata liko upande gani.

Basi usiangalie wingu, angalia jua. Kabla ya nimbostratasi mara nyingi hutangulia utando wa kijivu, na jua huonekana ndani yake kama taa ya chooni ukiitazama kupitia kile kioo cha dirisha kisichoonyesha mtu. Mimi hutazama kivuli cha tangi juu ya paa. Kikiwa na ukingo mkali, naanika. Ukingo ukilainika, naacha kulowesha zulia jipya. Kivuli kikipotea na jua lisijulikane lilipo, nashusha, hata kama hakuna tone lililoanguka. Chini ya ule utando utaona pia vipande vilivyochanika, vyeusi zaidi, vinakimbia chinichini. Ukiviona hivyo na hujashusha, umechelewa.

Usilichanganye na wingu la chini la asubuhi linalotoa manyunyu tu. Hilo huwa jembamba na matone yake hayana uzito. Na ukisikia radi katikati ya kijivu, fahamu kuna wingu la radi limejificha humo. Kwa kanuni za wataalamu, wingu lenye radi au mvua ya mawe haliitwi tena nimbostratasi.

Mengine ni hayohayo: angalia jua. Utanikuta nimerudia, na nitarudia. Vijana wa sikuhizi ukiwauliza kama mvua itanyesha wanainamisha kichwa kwenye simu. Simu itakwambia Mombasa asilimia sitini. Mombasa ipi? Mvua yaweza kupiga Likoni, huku Kongowea watu wanaanika kachri. Utabiri wa msimu wa Idara ya Hali ya Hewa mimi nausoma, nao hunisaidia kupanga Machi mpaka Mei. Lakini saa nne asubuhi, zulia la mtu liko juu ya paa lako, mwenye macho ni wewe. Mungu hakutupa shingo inayoinuka bure. Watu wavivu wa kutazama ndio haohao wavivu wa kuandika hesabu, na baadaye husema biashara imelogwa.

Alhamisi iliyopita utando ulikuja saa tatu na nusu. Kivuli cha tangi kikalainika. Nikawaambia vijana washushe mazulia sita, jua bado laonekana. Jirani yangu yuleyule, aliyekuwa anatundika mablanketi yake, akaniuliza kama nimeanza uganga. Mvua ilianza saa saba kasoro robo ikanyesha mpaka usiku. Sikumwambia kitu. Nilisimama dirishani tu na kikombe cha chai, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Dada wa Mtwapa, ikiwa ni mnara wenye radi, funika na usubiri. Ikiwa ni shuka la kijivu, teremsha yote uwashe feni, wala usiliache zulia bichi chini ya turubai kutwa.

Yule mama wa Kizingo hakurudi. Kile kizulia chake cha mlangoni, alichokisahau siku ile, bado ninacho. Nimekiosha mara mbili na kimekauka vizuri.